Mzee kaanguka, shingo inauma, ripoti inasema "ni umri". Tuamini?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mama yangu ana miaka 74, kama wiki mbili hivi zimepita aliteleza bafuni akaangukia uso, akainuka mwenyewe tukashukuru hakuna kilichovunjika. Kesho yake shingo ikaanza kukaza, tukampeleka akapigwa eksirei ripoti ikasema pingili za shingo zina uchakavu wa umri, akapewa dawa za maumivu tukarudi. Mpaka leo kugeuka anageuka mwili mzima, na juzi nimemuona anahangaika kufunga vifungo vya gauni, anasema vidole vizito na vinawakawaka. Jirani yetu mmoja mtaalamu wa kukanda anasema tumlete amnyooshe. Je ni uzee tu au kuna kitu?

JIBU: Dada, naanzia mwisho. Huyo jirani mwambieni asante sana, ila shingo ya mama asiiguse, si kwa mafuta wala kwa kuivuta na kuizungusha. Na mama arudi hospitali leo, usingoje jumatatu.

Kinachonitia wasiwasi si maumivu, ni hivyo vidole. Mtu akianguka shingo ikauma halafu mikono ikaanza ganzi au kukosa nguvu, hapo tunaufikiria uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili. Kwa wazee ile njia ya uti huwa imeshapungua upana miaka mingi nyuma, mifupa imeota vinundu, diski, yaani vile vibamba laini vya kati ya pingili, zimekauka na kutokeza, sasa ukiangukia uso kichwa kinarushwa nyuma kwa ghafla na uti unabanwa kwa sekunde tu, basi imetosha. Na inaweza kutokea bila mfupa wowote kuvunjika! Dalili yake inachanganya watu kwa sababu mikono inaathirika kuliko miguu, mzee anatembea vizuri tu mpaka chooni ila kikombe kinamponyoka, na nyumbani wanasema si anatembea, mzima huyo.

Sasa hiyo ripoti. Haijadanganya, ila swali mlilouliza silo ililojibu. Ukiwapiga picha watu waliovuka miaka 60 wengi wao utakuta uchakavu wa pingili, hata wasiowahi kulalamika shingo maisha yao yote, kwa hiyo mama angepigwa mwaka jana kabla ya kuanguka pengine ingeandikwa hivyohivyo. Uchakavu ni wa zamani, maumivu ni ya wiki mbili, na mimi neno "umri" likitumika kufunga faili la mtu aliyeanguka huwa linaniudhi kidogo.

Halafu eksirei ya shingo ya mzee ni ngumu kusoma, mifupa imepungua madini, vinundu vimejaa, ufa mdogo unajificha humo. Unaojificha sana ni wa pingili ya pili kutoka juu, ile yenye kijifupa kilichosimama kama jino ambacho kichwa kinazungukia hapo. Kwa wazee ndipo shingo inapovunjika mara nyingi, na haihitaji ajali ya gari, kuanguka kutoka kimo cha kusimama au hata kitandani kunatosha. Madaktari wa Kanada walichapisha mwaka 2001 kanuni ya kuamua nani apigwe picha ya shingo baada ya kuumia, na humo miaka 65 na kuendelea peke yake inatosha kuwa sababu ya kupiga picha, hata kama mgonjwa anaongea na kuchekacheka. Kwa hiyo ulizeni kipimo cha CT kwa ajili ya mifupa, na kwa sababu ya vidole ulizeni na MRI maana ndiyo inayoonyesha uti na neva.

Njiani shingo isitingishwe. Kama shingo yake ilishainama mbele siku nyingi msimlazimishe kulala imenyooka eti ndio salama, wekeni mito au taulo zishike kichwa katika mkao wake aliouzoea. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukigoma, hapo ni ambulensi. Jambo jingine, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda mwambieni daktari mapema kabisa, kwa wazee damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya kichwa na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye, kichwa kuuma, kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa.

SWALI: Baba yetu miaka 80 alianguka, CT haikuonyesha mvunjiko, ganzi hana, nguvu anazo, ila kola ya shingo aliyovalishwa hataki kuivua anasema inamsaidia. Avae mpaka lini? Na daiklofenaki kila siku ni sawa?

JIBU: Kama daktari ameshaona picha na ameridhika hakuna mvunjiko wala uti kubanwa, kola haina kazi ya muda mrefu, muulizeni aianze kuiacha lini, mara nyingi ni siku chache tu. Ikikaa sana misuli inalala, ngozi chini ya kidevu na kisogoni inachubuka mpaka kidonda, na wazee wengine wanapata shida kumeza wanapaliwa. (Aliyepewa kola ngumu kwa sababu ya mvunjiko asinisome hapa akavua! Huyo ni habari nyingine, asubiri daktari wake.) Aanze kugeuza shingo polepole kulia na kushoto mpaka pale inapokaza, mara kadhaa kwa siku, asilazimishe.

Daiklofenaki kila siku kwa miaka 80 sipendi hata kidogo. Inaumiza figo, inatoboa tumbo, inapandisha presha, na akichanganya na dawa za kuzuia damu kuganda ndio kabisa. Parasetamo ianze, kwa kipimo alichopangiwa kulingana na uzito na ini lake. Maumivu yakizidi badala ya kupungua wiki hadi wiki, arudi.

SWALI: Mimi mwenyewe nina 68, shingo miaka mingi, siku hizi naanguka mara kwa mara bila sababu. Vinahusiana?

JIBU: Vinaweza, na watu wengi wanalisoma hili upande mmoja tu, kwamba kuanguka kumeharibu shingo. Kumbe shingo inayoubana uti taratibu nayo inaangusha mtu. Jichunguze: unatembea umepanua miguu kama sakafu inayumba? Mwandiko umeharibika, sarafu huziokoti vizuri? Ukiinamisha kichwa shoti inashuka mgongoni? Mkojo unakukimbiza? Hata moja tu kati ya hizo ikiwepo, daktari wa neva na MRI, mapema, kwa sababu operesheni hapo kazi yake kubwa ni kusimamisha hali isizidi, kilichoshapotea si lazima kirudi chote. Na siku hiyohiyo upimwe presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, dawa zako zote ziwe mkononi hasa za usingizi na za presha, maana kuanguka mara nyingi kuna sababu zaidi ya moja. Ila usiache dawa yoyote kabla hujafika.