Disketi ya Kuwashia Kompyuta Kuukuu Inayotambua CD

Kazi hii nilijifunza kwenye Pentium moja kuukuu yenye kumbukumbu ya megabaiti 32, mali ya mwenye duka la vipuri ambaye programu yake ya hesabu za ghala ilikataa kufanya kazi kwenye mashine mpya. Diski kuu ilikufa, tukafunga nyingine, na CD ya Windows 98 tulikuwa nayo mkononi. Tatizo ni kwamba BIOS ya kompyuta ile, yaani programu ya kwanza inayoiamsha, haikujua kabisa kuanzia kwenye CD, hivyo mlango pekee uliobaki ulikuwa disketi.

Ukipata kompyuta nyingine yenye Windows 98 inayofanya kazi, itengeneze disketi humo, kwa kuwa disketi yake huja na draiva za CD, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa cha CD. Ile ya Windows 95 haina, na wengi wameligundua hilo wakiwa tayari wamefuta diski kuu. Fahamu pia kwamba disketi ya Windows 98 huunda diski ya muda ndani ya kumbukumbu na kuipa herufi, kwa hiyo CD uliyozoea kuiona kwenye D utaikuta kwenye E.

Mimi napendelea kutengeneza yangu mwenyewe. Naanza na FORMAT A: /S, amri inayoifomati disketi na kuiwekea mafaili ya kuwashia, kisha nanakili HIMEM.SYS (inayosimamia kumbukumbu), OAKCDROM.SYS, MSCDEX.EXE, SMARTDRV.EXE, FDISK.EXE na FORMAT.COM, ambazo zote zinaenea bila shida kwenye disketi ya megabaiti 1.44. Isipokuwa OAKCDROM.SYS, ninayoitoa kwenye disketi ya Windows 98, nyingine zitoke kwenye toleo lile lile la DOS (mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa amri za maandishi) lililotengeneza disketi, la sivyo zinaweza kugoma kwa madai kwamba toleo si sahihi. Katika CONFIG.SYS, faili ambalo kompyuta hulisoma inapowaka ili kupakia draiva, naandika:

DEVICE=A:\HIMEM.SYS
DEVICE=A:\OAKCDROM.SYS /D:MSCD001
LASTDRIVE=Z

Na katika AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazofuata baada ya hapo:

A:\MSCDEX.EXE /D:MSCD001 /L:R

OAKCDROM ndiyo inayowasiliana na kifaa chenyewe na kukibandika jina MSCD001. MSCDEX huja baadaye, ikakitafuta kifaa kwa jina hilo hilo na kukipa herufi, ambayo hapa nimeichagua iwe R ili isigongane na sehemu za diski kuu. Majina hayo mawili yasipolingana hata kwa herufi moja, hakuna CD. Siku ile dukani nilihangaika karibu saa nzima, nikabadilisha waya, nikabadilisha hata kifaa cha CD, huku skrini ikirudia kwamba draiva haikupatikana, ilhali mistari michache juu yake OAKCDROM ilikuwa imeshakitaja kifaa kwa jina na modeli. Nilipofungua AUTOEXEC.BAT kwa mara ya nne ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimeandika herufi O mahali pa sifuri.

Kama OAKCDROM yenyewe haioni kifaa, kagua vibanio vidogo (jumper) vya nyuma ya kifaa vinavyoamua kipi ni kikuu na kipi ni kisaidizi kwenye waya mmoja. Vifaa vya zamani zaidi vilivyounganishwa kwenye kadi ya sauti vinahitaji draiva yao wenyewe, na hapo OAKCDROM haina msaada.

Baada ya kugawa diski kwa FDISK na kuifomati, usianze kusakinisha moja kwa moja kutoka kwenye CD, kwa sababu katikati ya kazi kompyuta itajiwasha upya kutoka kwenye diski kuu, pasipo draiva zako za DOS, na huenda ikaanza kudai mafaili isiyoweza kuyafikia. Washa kwanza SMARTDRV, inayoharakisha usomaji na uandishi wa diski kwa kutumia kumbukumbu, na ambayo bila hiyo unakili huchosha mno, kisha uandike MD C:\WIN98, halafu COPY R:\WIN98\*.* C:\WIN98, na SETUP uiendeshe kutoka kwenye folda hiyo.