Lazima nizeeke ndipo niwe kocha?

SWALI: Shikamoo mama. Nacheza mpira wa magongo chuoni, namaliza mwakani. Natamani ukocha, ila naambiwa bado mdogo.

JIBU: Marahaba binti. Wasikukatishe tamaa! Mtazame Erin Matson wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Alitwaa ubingwa wa vyuo mara 4 akiwa mchezaji. Mapema 2023, akiwa na miaka 22 tu, akamrithi kocha wake Karen Shelton, aliyeinoa timu hiyo tangu 1981. Juzi anawapa wenzake pasi, leo anawapanga kikosi! Mwaka huohuo wakabeba kombe mbele ya Northwestern, baada ya sare kuamuliwa kwa wachezaji kumkabili kipa mmoja mmoja.

Wewe anza na watoto wa shule jirani. Na kila penalti kona (pigo wanalopewa washambuliaji mabeki wakifanya kosa karibu na goli lao), muulize kocha wako kwa nini kaipanga vile.