Jibu: Dalali hanionyeshi nyumba kama za kwenye runinga

Pole, ndugu yangu. Umezoea vipindi vya ukarabati, sasa dalali wa Goba, Dar es Salaam, anakupeleka kwenye nyumba zenye rangi iliyobanduka, nawe unaona hajui kazi. Usimwache bado. Vipindi vile huficha mengi: mwaka 2012 ilijulikana kuwa washiriki wa House Hunters, kipindi cha Marekani cha kutafuta nyumba, mara nyingi walikuwa wameshapata nyumba kabla ya kurekodiwa.

Rangi ni jambo dogo. Inama uangalie ukuta karibu na sakafu: plasta ikiwa imevimba na kutoa unga mweupe, hiyo ni chumvi, na kupaka rangi upya hakuiondoi. Rudi siku ya mvua uone maji yanapopita. Fungua mabomba. Nenda na fundi wako, si wa dalali.

Hatari kubwa iko kwenye karatasi. Muhuri wa serikali ya mtaa pekee hautoshi. Mtafute wakili akuhakikishie hati ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai hivyo kwa nyumba ya familia.

Na dalali mwambie bajeti yako halisi, baada ya kuondoa hela ya ukarabati.