"Poka ni ujuzi, basi mimi si mraibu"

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nina miaka 34, ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Nacheza poka, karata za pesa, mwaka wa tano sasa. Ijumaa na Jumamosi nakuwa kasino, siku nyingine nacheza kwenye simu. Mimi si mtu wa mikeka ya mechi wala kindege cha kwenye simu, hiyo ni kamari. Poka ni ujuzi, nasoma vitabu na nina daftari la kila kikao. Mwaka jana nilikuwa na faida hadi mwezi wa nane, kisha upepo ukageuka, na hadi leo nimerudi nyuma kama milioni 38. Nikapanda meza kubwa ili nirudishe haraka. Lengo langu ni kucheza ubingwa wa dunia Las Vegas kabla sijafika 40; aliyeutwaa 2003 naye alikuwa mhasibu. Mke wangu anasema naumwa, na tangu Februari yuko kwao Morogoro na mtoto. Programu nimeifuta mara tatu, nikairudisha. Nimeazima kidogo kwenye kikoba ambacho mimi ni mweka hazina, nitarudisha kabla hatujavunja Desemba. Kuna kocha anauza kozi ya kudhibiti hisia mezani kwa laki sita. Itanisaidia? Na mtu anajuaje kama ana malengo makubwa au ana uraibu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Laki sita hiyo usiitoe, tutaitafutia kazi.

Barua kama yako haipiti wiki sijaipata, na karibu zote zina sentensi ileile: "hii si kamari, ni ujuzi". Wa poka anaisema akimtazama wa mikeka. Wa mikeka anaisema akimtazama wa kindege, maana yeye anafuatilia ligi na anajua beki gani kaumia goti. Wa kindege naye anawacheka wanaotumbukiza sarafu kwenye dubwi pale dukani. Kila mmoja ana wa kumdharau. Sasa nikukubalie mapema tusipoteze muda: poka ina ujuzi. Hodari akikaa muda mrefu na wasiojua atawamaliza. Hilo silibishi. Ninalobisha ni hilo neno "basi". Poka ni ujuzi, basi mimi si mraibu. Hiyo "basi" umeitoa wapi?

Kwa kuwa unasoma vitabu, Stu Ungar unamjua. Alitwaa ubingwa wa dunia wa poka mwaka 1980, akautwaa tena 1981. Kwenye karata za jin rami watu waligoma kucheza naye, na kasino zilimfungia mchezo wa karata wa blackjack kwa sababu karata zilizopita alizishika zote kichwani. Mwaka 1997, akiwa amechoka na kuchakaa, akashinda mara ya tatu: dola milioni 1. Kiingilio cha dola 10,000 alikuwa amelipiwa na rafiki yake Billy Baxter, kwa hiyo nusu ikaenda huko. Nusu iliyobaki haikumaliza miezi mingi. Ilikwenda kwenye kubeti michezo na kwenye dawa za kulevya. Mwaka uliofuata akalipiwa kiingilio tena, mezani hakutokea. Tarehe 22 Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye chumba cha moteli ya bei rahisi hukohuko Las Vegas, na dola 800 mfukoni. Alikuwa na miaka 45.

Nani ana ujuzi kuliko huyo? Poka ilimpa, farasi na mechi zikamnyang'anya, na ujuzi wake ndio uliomrudisha kila mara na pesa mpya za kwenda kupoteza. Archie Karas naye vivyo hivyo. Aliingia Las Vegas Desemba 1992 na dola 50, akazipandisha hadi zaidi ya milioni 40, na mwaka 1995 zote zikaondoka, nyingi kwenye dadu na karata za baccarat.

Ndiyo maana daftari lako halinitulizi. Niliwahi kuwa na mteja aliyekuja na kompyuta, jedwali limepakwa rangi, kijani faida, nyekundu hasara, muda wa kila kikao hadi dakika. Poka ilikuwa imempa faida ya milioni 4 kwa mwaka, na hakuwa anadanganya. Nikamuuliza: meza ikivunjika saa nane usiku, unatokea mlango gani? Kimya. Kumbe kutoka meza ya poka hadi maegesho ya magari ni lazima upite kwenye ruleti, lile gurudumu la namba. Ruleti haikuwa na safu kwenye jedwali lake, kwa sababu "ile siyo kazi, ni kupunguza presha". Tulipochapa taarifa ya miamala ya simu yake, presha ilikuwa imemgharimu milioni 11. Alisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaigeuza nyuma kana kwamba kuna ukurasa mwingine wa kumtetea.

Wewe ni mhasibu. Toa taarifa ya benki na ya simu ya miezi 12, uzilinganishe na daftari lako, kama unavyofanya kwa hesabu za mwajiri wako kila mwisho wa mwezi. Na usifanye peke yako. Mkague mkiwa wawili.

Poka ina hila nyingine ambayo michezo mingine haina. Mtu wa ruleti akipoteza hana pa kujificha: gurudumu lenye sifuri moja linampa mwenye kasino asilimia 2.7, leo na kesho, hakuna hadithi. Wa poka ana hadithi kila usiku. Ukiwa na ree mbili na mwenzako ana wafalme wawili, pesa zote zikaingia kabla karata za mezani hazijafunuliwa, utashinda takriban mara 82 katika 100. Zile 18 zipo, na zikikufuata mara tatu usiku mmoja utaapa umelogwa. Kwa hiyo mchezaji mzuri kweli anaweza kupoteza miezi kadhaa akiwa hajakosea kitu. Tatizo ni kwamba mchezaji mbovu naye anasema maneno hayohayo, kwa sauti ileile, na mezani hakuna wa kuwatofautisha. Kasino wakati huo inakata ada yake kwenye kila fungu la pesa za mezani, aliyeshinda awe nani.

Hapo ndipo watu wanaoishi kwa mchezo huu wanapotofautiana nawe, na hapa ndipo mimi ninapouchora mstari unaoniuliza. Wao wana mtaji uliotengwa mbali na kodi ya nyumba na ada ya shule, na kwa kawaida hawakai meza ambayo mtaji huo hauwezi kuilipia angalau mara 20 au 30. Ukipungua, wanashuka. Wanaondoka kwenye meza ya wakubwa mbele ya macho ya watu, wanakwenda kukaa na wanaojifunza, na inawauma. Wewe ulipopoteza ulipanda. Umeiandika mwenyewe, tena kama jambo la kawaida: "ili nirudishe haraka". Mwenye malengo hana haraka na pesa iliyokwisha kuondoka.

Na huyo mhasibu mwenzako wa 2003, Chris Moneymaker wa Tennessee, usimtumie vibaya. Hakuweka nyumba rehani. Aliingia kwa mchujo wa mtandaoni wa dola zisizofika 100, akaondoka na milioni 2.5. Walioketi mwaka ule walikuwa 839. Mwaka 2024 walikuwa 10,112. Nimesikia habari za huyo mmoja hadi nimechoka. Wale 838 hakuna anayewaandikia barua ya kuwasifu, ingawa naamini na kati yao wahasibu walikuwemo.

Sasa upande wa kitabibu. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani katika kitabu chake cha magonjwa kilihamisha kamari kutoka kwenye sura ya watu wanaoshindwa kujizuia, wakaiweka sura moja na pombe na heroini. Dalili ni 9, na nne zikitokea ndani ya miezi 12 zinatosha. Katika hizo tisa hakuna hata moja inayouliza umepoteza kiasi gani. Hakuna inayouliza kama mchezo wako una ujuzi. Zinauliza kama unakwenda kufukuzia hasara, kama umejaribu kuacha ukashindwa, kama umehatarisha ndoa au kazi, kama unaficha, kama unategemea pesa za wengine kuziba pengo. Sikupimi kwa barua, hiyo si kazi ya gazeti. Lakini hesabu unajua, hesabu.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilisimulia watu hunyamaza. Wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, hupewa dawa zinazoiga dopamini, kemikali ya ubongo inayoamsha hamu, mojawapo ikiitwa pramipexole. Baadhi yao, watu wazima ambao hawajawahi kukanyaga kasino, wakaanza kucheza kamari hadi kufilisika. Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, wengi wao hamu inatulia. Hawakuwa wamesahau hesabu wala kuongezewa ujinga. Kilichoguswa ni hamu. Na hamu haisomi vitabu vya poka.

Turudi kwenye kikoba. Katika barua yako yote, milioni 38 haikunishtua kama neno "nimeazima". Kuazima kuna mwenye mali aliyeombwa akakubali. Hapa ameombwa nani? Desemba mnavunja, na kuna mama ntilie ameshapiga hesabu ya ada ya Januari kwa pesa iliyo chini ya ufunguo wako. Mwenyekiti wa kikoba aambiwe wiki hii, na wewe, kwa mdomo wako, ukiwa na kiasi kamili kwenye karatasi na ufunguo mkononi wa kukabidhi. Laki sita ya kocha ianzie hapo. Najua unachokifikiria: nicheze mara moja ya mwisho nizibe kimyakimya. Kila aliyekaa kwenye kiti cha ofisini kwangu alikuwa na hiyo mara moja ya mwisho.

Na hukuliandika, ila nauliza kwa sababu wenye madeni ya siri huwa nawauliza wote: yamekujia mawazo ya kujimaliza? Kama yamekuja, leo hii, si Jumatatu, mwambie mtu mmoja unayemwamini na mwende naye hospitali. Kama hayajaja, bado nenda idara ya afya ya akili, Muhimbili au hospitali yoyote ya rufaa iliyo karibu, uombe tiba ya mazungumzo inayoshughulika na fikra na tabia. Ni vikao kwa wiki kadhaa, vinachosha, na vinafanya kazi kwa wengi. Wakati huohuo iandikie kampuni ikufungie akaunti. Nyingi zenye leseni zina utaratibu huo. Kufuta programu si kufunga, umeshajionea mara tatu.

Sasa hawa makocha. Mtu anayekufundisha kutulia mezani bila kukuuliza una deni kiasi gani hajali wewe ni nani. Ni kama kumfundisha mlevi kushika glasi vizuri. Na yeye ni afadhali. Kuna vijana wanauza programu za kutabiri kindege kitapaa hadi wapi. Matokeo ya kila mzunguko yanatolewa kwa kubahatisha, hayasomeki, na anayeweza kuyasoma asingehangaika kukuuzia kwa elfu ishirini. Kuna wa mechi za uhakika, anayewatumia nusu ya watu timu hii na nusu timu ile, kisha kesho anaendelea na waliopatia. Kuna waganga wa kumfunga mtu mkono asicheze, na wauza unga wa mitishamba wa kuchanganya kwenye chai bila mhusika kujua. Nimekutana na mama aliyemnywesha mwanawe unga huo miezi miwili, kijana akaharisha na akaendelea kucheza akiwa chooni. Hata hospitali hatuna kidonge kilichoidhinishwa mahsusi kwa uraibu wa kamari. Naltrexone, dawa ya walevi wa pombe na wa heroini, madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa, pamoja na vikao, chini ya uangalizi. Anayekuuzia kopo la siku saba anajua nini kuliko hao?

Ila wanaonisumbua kuliko waganga ni ndugu wenye huruma, na najua mnasoma hapa. Kijana anapiga magoti sebuleni, analia, anaapa, ukoo unachanga, anakabidhiwa pesa akalipe mikopo kausha damu. Mama mmoja aliuza kiwanja chake cha Kibaha akampa mwanawe milioni 14 mkononi. Wiki ya saba alinipigia simu, kijana anadaiwa tena, na wadai ni walewale. Mkitaka kulipa, mlipeni mdai mwenyewe, mchukue risiti. Mshahara wake upite kwa mtu mwingine kwanza, simu yake iondolewe huduma za mikopo, na aanze vikao kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Akikataa sharti la vikao, kiwanja msikiuze.