Kozi ya Kiingereza ndo imenifundisha kuandika, hata Kiswahili

Wiki hii mmeuliza somo gani la chuo limetubadilisha zaidi. Mi langu ni ile kozi ya kuandika Kiingereza ya mwaka wa kwanza, niliisoma kwenye koleji moja hapa Columbus, Ohio, usiku nabeba maboksi asubuhi naingia darasani.

Nilijua niko vizuri maana Tanzania toka fomu wani masomo ni Kiingereza, na esei za vitabu tulizishika kama sala, hoja tatu kitabu hiki hoja tatu kile, unakusanya karatasi, imeisha hiyo. Huku nikakuta esei moja inaandikwa mara tatu jamani! Drafti ya kwanza anasoma mwanafunzi mwenzio na we unasoma yake, ya pili unakaa na mwalimu, ya tatu ndo inapewa maksi. Toka nizaliwe sijawahi kuambiwa rudi ukaandike upya kitu ambacho kimeshaisha.

Iliyonibadilisha hasa ilikuwa esei ya mama yangu. Nikaandika mama kahangaika sana kutulea, maisha yalikuwa magumu. Mwalimu wala hakugusa grama, akapiga mstari chini ya hilo neno magumu akaandika pembeni, aliamka saa ngapi? Basi. Lile swali nikatembea nalo siku mbili, niko kazini napanga maboksi nalo liko kichwani, nikarudi nikaandika aliamka saa kumi alfajiri, unga umeshaumuka toka usiku, karai la mafuta jikoni na sisi tumelala chumba hichohicho tunaamshwa na harufu ya iliki, alafu ndoo ya mandazi naibeba mimi mpaka stendi ndo niende shule. Neno magumu nikalifuta, halikuwa na kazi tena.

Grama bado nakosea, ila sahivi hata nikiomba mchango wa matibabu kwenye grupu la ukoo siandiki hali ni mbaya, naandika vimebaki vidonge sita, Ijumaa vinaisha, na watu wanatuma siku hiyohiyo.

Ile esei nimeigeuza Kiswahili nikamtumia dada amsomee mama. Kasikiliza mpaka mwisho, akasema mwambieni haikuwa saa kumi, ilikuwa saa tisa, saa kumi mandazi yalikuwa yameshaiva.

Nimeshabadilisha.