Mwulize Bibi Mwalimu: Kizibo Kiko Wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha darasa la awali huku Mbagala, watoto 84 chumba kimoja. Kila Ijumaa naficha chaki, wao wanaitafuta. Wanakanyagana, kelele zinafika darasa la pili, na wanaoipata ni wavulana wale wale wawili. Kuna binti mmoja tangu Januari hajanyoosha hata mkono. Mwenzangu ananiambia niache michezo, nifundishe. Niache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache. Ila kombolela ni ya uwanjani. Darasani watafute kwa maneno.

Wakae wote mkekani. Mmoja atoke nje, mwingine afiche kizibo cha soda wenzake wakiona. Aliyetoka akirudi haruhusiwi kugusa kitu, anauliza tu. "Kipo mezani?" Darasa zima: "Hakipo!" "Kimo kikombeni?" "Hakimo!" "Kiko nje?" "Hakiko!" Hapo umeshafundisha po, ko na mo, na hujaandika neno ubaoni. Kesho ficha jiwe, uwasikie wanavyohamia "limo" wenyewe. Keshokutwa ufunguo: "umo".

Watoto wengine watakodolea macho pale pale kilipofichwa. Usiwakemee. Mwaka 1983 watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto habari za mvulana aliyeacha chokoleti yake mahali, mama akaihamisha mwenyewe hayupo. Ataitafuta wapi? Wengi wa miaka mitatu na minne walisema, kule ilikohamishiwa. Wao wanajua, basi na yeye anajua! Kutunza siri ni jambo ambalo wanao bado wanajifunza, na mchezo huu unawapa nafasi ya kujifunza.

Mwenzako anayetaka ufundishe, mwite aje aone huu wa kifuu. Panga vizibo saba, wavihesabu kwa sauti. Wafumbe macho, ufunike vinne kwa kifuu cha nazi, vitatu vibaki nje. Vingapi vimejificha? Sasa nakuomba sana: usifunue haraka. Mimi miaka mingi nilikuwa nafunua mara tu mkono wa kwanza ukinyooshwa, na kila nilipofanya hivyo niliwapokonya wengine hesabu yao katikati. Subiri. Utawaona wanakunja vidole, midomo inacheza, mmoja anavitazama vile vitatu kama vinamdai. Huko ni kutoa, sehemu ya Kuhesabu, K ya tatu ya KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu), na kila mtoto anatoa kichwani mwake, si wale wawili tu.

Kunde na choroko usitumie. Niliwahi kutumia kunde, mtoto akaificha puani, tukakimbilia zahanati naye analia njia nzima. Kifichwacho kisipungue ukubwa wa kizibo, na uvihesabu kabla hawajaenda nyumbani.

Huyo binti mfanye mfichaji. Kutafuta kunamtisha kwa sababu anaweza kukosea mbele ya watu 83. Anayeficha hakosei, yeye ndiye anayejua. Siku hiyo darasa linyamaze, ajibu yeye peke yake. Akitikisa kichwa tu, pokea. Nilikuwa na mtoto wa namna hiyo Temeke, tangu shule ifunguliwe hadi Juni hakutoa sauti darasani. Neno la kwanza nililomsikia akisema ni "Hakimo", tena kwa kunong'ona.

Jumatatu mpe kizibo, kisha uniandikie.