Ctrl+C imegoma kusimamisha programu

SWALI: Hapa Hombolo tunapima kreti za zabibu, na skripti yangu ya Python husoma uzito kwenye mizani kila sekunde 5 na kuuandika kwenye faili. Jioni nikibonyeza Ctrl+C haisimami. Inaandika "kosa, najaribu tena" na kuendelea kama vile sijagusa kitu. Nikiiua kwa kill -9 inakufa, lakini rekodi za mwisho sizikuti kwenye faili. Nifanyeje? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Huo ujumbe wa "kosa, najaribu tena" ndio unaomtaja mchawi. Inaelekea ndani ya while True umeweka except: tupu, isiyotaja inanasa kosa gani. Ctrl+C hutuma SIGINT, ishara namba 2, na Python huigeuza kuwa KeyboardInterrupt. Except tupu hunasa kila kitu, hiyo nayo ikiwemo. Programu inadhani mizani imesumbua, inarudi mwanzo wa kitanzi.

Badilisha iwe except Exception:. Tangu Python 2.5, KeyboardInterrupt haimo katika ukoo wa Exception; imewekwa chini ya BaseException makusudi, isinaswe kwa bahati mbaya. Bora zaidi utaje makosa yenyewe: waya wa mizani ukichomoka utapata OSError, namba ikija imevurugika float() itatoa ValueError. Mengine yaache yaonekane.

Kisha weka except KeyboardInterrupt: nje ya kitanzi. Ukiiweka ndani bila break, umerudi kulekule. Humo ita sys.exit(130), namba ya kutokea ya programu iliyosimamishwa kwa ishara namba 2, yaani 128 kujumlisha 2, na kwenye finally: (sehemu inayotekelezwa mwishoni hata kosa likitokea) funga faili.

Kuhusu rekodi: Python haipeleki kila mstari kwenye faili papo hapo, huikusanya kwanza kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu. Ishara namba 9, ile inayotumwa na kill -9, hainaswi na programu yoyote, hata finally haipati nafasi, na kilichokuwa kwenye bafa kinapotea. Ita f.flush() baada ya kila mstari. Kama umeme hukatika, ongeza os.fsync(f.fileno()), kwa sababu flush huishia kuukabidhi mstari kwa mfumo endeshi tu, bado haujafika diski. Kwa mstari mmoja kila sekunde 5, kompyuta haitahisi mzigo.

Tena, achana na -9. Tumia kill peke yake, inayotuma SIGTERM, namba 15. Python haiigeuzi hiyo kuwa kosa la kunaswa, kwa hiyo mwanzoni mwa skripti andika signal.signal(signal.SIGTERM, signal.default_int_handler), nayo itapita njia ileile ya Ctrl+C.